Miguu ninayo, Mama

Ames, Iowa
29 Oktoba 2006

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi, ingawa baridi imeshaanza kuuma masikio. Idd tulipika pilau na Wakenya, tukawakumbuka sana.

Uliniuliza kwenye simu siasa za Wamarekani zinanihusu nini, vocha ikakatika kabla sijakujibu.

Hapa Iowa mkuu wa kilimo wa jimbo hateuliwi. Anapigiwa kura, na safari hii ni tarehe 7 Novemba. Wagombea wakubwa wawili wote ni wakulima. Bill Northey analima mahindi na soya huko Spirit Lake. Denise O'Brien ni mama anayetoka mji wa Atlantic, humu humu Iowa. Yeye na mumewe wamelima karibu miaka 30 bila dawa wala mbolea za viwandani, na mwaka 1997 alianzisha mtandao wa wanawake wakulima. Huyo ndiye ninayembebea vipeperushi. Kura sina, pesa mgeni haruhusiwi kuchanga, lakini miguu ninayo.

Mama, ungeuona udongo wa huku ungelia. Mweusi kama masizi. Ekari moja inatoa zaidi ya gunia 40 za mahindi, gunia halali za kilo 100, siyo lumbesa. Lakini mengi hayaendi jikoni kwa mtu. Yanalishwa nguruwe na kuku, mengine yanageuzwa mafuta ya gari. Ukiingia dukani, karoti imetoka California. Watafiti wa Leopold Center, kituo cha utafiti wa kilimo hapa hapa chuoni kwetu, walipima wakakuta mboga na matunda ya kawaida yanasafiri wastani wa kilomita 2,400 hivi kufika Iowa. Ya mkulima wa jirani, kama 90 tu. Fuso la kutoka Lushoto hadi Kariakoo halifikishi hata 400.

Mwezi uliopita tulikatazwa kula spinachi ya mifuko. Iliingia vijidudu huko California, karibu watu 200 wakaugua katika majimbo 26, watatu wakafa. Rafu ya dukani ikabaki tupu. Jumamosi ile sokoni, bibi mmoja alipanga spinachi yake juu ya meza ya kukunja, udongo bado uko kwenye mizizi, akawa anamweleza kila mteja shamba lilipo na kisima anachomwagilia. Saa nne haijafika, imekwisha. Nikakuona wewe na matenga yako ya kabichi.

Mama O'Brien anataka chakula cha namna hiyo kipewe nafasi, na mkulima mdogo asikilizwe.

Jumapili jioni niligonga mlango wa mzee mmoja nje ya mji. Nyuma ya nyumba mashine ya kuvunia ilikuwa bado inanguruma, taa zinawaka. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, mama yangu ni mkulima. Ekari ngapi? Moja na nusu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa, kuku na miti ya matufaha, watoto saba wakakulia humo. Yeye ana ekari 900, na viazi ananunua dukani. Hakuniambia atampa nani kura. Alikikunja kipeperushi, akakitia kwenye mfuko wa shati.

Wapo wanaosema Mama O'Brien hawezi kuongoza kilimo kwa kuwa shamba lake ni dogo. Mama, maneno hayo nayajua. Ndiyo uliyoambiwa kwenye mkutano siku ile ulipotaka kuzungumzia bei ya kabichi, ukakaa chini, na mimi nimekaa pembeni yako nikiwa na miaka kumi. Ndiyo maana natembea.

Jumamosi tunapita tena nyumba kwa nyumba, uniombee isinyeshe theluji. Kabichi za kule bondeni zimefikia wapi? Usikubaliane na dalali kabla kaka hajapiga simu Kariakoo kuuliza bei. Pesa ya vocha nimemtumia.

Nisalimie Bibi.

Mwanao