Tovuti nzito, muonekano umevurugika

Wanakikundi, salaam. Mlioko Masasi na Newala mnaoona tovuti yetu ya korosho maandishi matupu, bila rangi wala menyu: simu zenu ni nzima, faili la CSS, linalobeba rangi na mpangilio wa ukurasa, ndilo halijafika. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F5. Likigoma, bonyeza F12, fungua kichupo cha Network kinachoorodhesha mafaili ya ukurasa, pakia ukurasa upya. Mstari mwekundu wenye 404 maana yake faili halikupatikana. Mara nyingi kosa ni herufi kubwa au ndogo kwenye jina la faili, kwani kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya Linux Style.css na style.css ni mafaili mawili. Kama si 404, huenda anwani ya faili imebaki http wakati tovuti ni https (yenye usalama), kivinjari kinaizuia.

Uzito ni picha tu. Picha ya gunia yenye MB 4 kwa nafasi ya upana wa pikseli 600, jamani! Punguzeni hadi chini ya KB 200 kabla ya kupandisha.