Kwa mdogo wangu, unayerudi kwenye makorongo ya Wanavajo

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia unarudi Arizona mwezi wa tisa, na kwamba safari hii unakwenda peke yako na kamera zako, mji wa Page kwanza halafu Chinle. Hukuniambia mwenyewe. Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa, mahali ninapojua unapita hata kama huachi neno. Nyinyi wengine mnaosoma mniwie radhi, mengine humu ni ya nyumbani kwetu. Ila kama yupo kati yenu anayepanga kwenda kupiga picha nchi ya Wanavajo, wale wenyeji wa asili wa Marekani wenye serikali yao, na yeye yanamhusu.

Nimefurahi, wallahi. Jicho lako nalijua tangu ulipokuwa ukiazima kamera ya ami na kumaliza filamu nzima kwa kupiga milango. Makorongo yale yameumbwa kwa mtu kama wewe. Basi nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani.

Ukifika Page, usidhani utaegesha gari na kuingia Antelope Canyon, korongo la juu wala la chini, kama ulivyoizoea pwani yetu. Ni hifadhi ya Wanavajo wenyewe tangu mwaka 1997, na hakuna anayeingia bila mwongozaji wao. Lipia nafasi mapema, na uchague saa, si siku tu. Ule mwale wa jua unaoshuka kama nguzo unapatikana korongo la juu, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua likiwa utosini, baina ya saa tano na saa saba mchana. Korongo la chini lina ngazi za chuma na ni jembamba zaidi. Huko mwale si hoja, hoja ni rangi, jinsi mwanga unavyogonga ukuta mmoja na kurudi kwenye wa pili mpaka jiwe linatoka chungwa, zambarau, tena kama buluu. Mimi naliona la chini ni zuri zaidi. Wewe utabisha, kwa sababu najua picha iliyokutia wazimu: ile nyeusi na nyeupe ya mwale ndani ya vumbi, ambayo mpigaji wake alitangaza mwaka 2014 kuwa imeuzwa dola milioni 6.5.

Stendi ya kamera yako iache nyumbani. Zamani walikuwapo waongozaji wa wapiga picha tu na stendi zikiruhusiwa, lakini pale sasa hakuna tena, na mabegi pia hayaingii. Funga lenzi moja, ile pana, kabla hujatoka kwenye gari, na usiibadilishe ndani, maana mchanga unadondoka kutoka juu kila upepo ukipita. Droni usiibebe kabisa. Hifadhi zao zote zimeikataza. Na ukiwa na nia ya kuziuza picha, kibali cha biashara kinaombwa kwa serikali yao, kwenye mji wao mkuu wa Window Rock. Usiseme hukujua. Pombe pia ni marufuku nchini mwao, hilo halikuhusu wewe, lakini rafiki zako wa Houston nawajua.

Jambo la saa litakuchanganya. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, Wanavajo wanabadilisha, na Wahopi, ambao nchi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawabadilishi. Simu yako itaruka mbele na kurudi nyuma njia nzima. Page wanafuata saa ya Arizona, na makorongo yake vivyo hivyo. Chinle wanafuata saa ya Wanavajo. Iandike kwenye karatasi.

Halafu mvua. Mwezi wa tisa msimu wake haujaisha. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya korongo la chini, na pale walipokuwa wamesimama mvua haikuwa ya kutisha. Ilinyesha mbali, maji yakakusanyika kwenye mkondo, yakaja na matope na magogo kwenye ufa ambao mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ngazi za wakati ule zilisombwa. Kwa hiyo mwongozaji akisema leo hatushuki, usimwoneshe anga na kumwambia mbona jeupe. Rudi garini. Pesa zitarudi.

Sasa Chinle.

Canyon de Chelly ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1931, lakini ardhi ni ya Wanavajo na watu wanaishi humo. Wana mashamba chini, wana kondoo, wana mahindi. Barabara za juu, ya kaskazini na ya kusini, unaendesha mwenyewe bila kulipa mtu. Ile ya kusini inakufikisha kwenye mwamba wa Spider Rock, umesimama peke yake chini kule kiasi cha mita 240, kwao ndiko kwenye makao ya Mwanamke Buibui aliyewafunza kufuma. Nenda jioni, kivuli kikianza kupanda. Lakini kushuka chini ni lazima uwe na Mnavajo wa kukuongoza. Unaijua sheria hii. Uliisikia pamoja nami.

Na yale mengine uliyasikia pamoja nami pia. Kwamba majira ya baridi ya mwaka 1864 jeshi la Marekani chini ya Kit Carson liliingia humo, likachoma nyumba na chakula, na kiangazi chake wakarudi kukata miti ya pichi, maelfu, watu wasiwe na cha kurudia. Kwamba walitembezwa kwa miguu mpaka Bosque Redondo, New Mexico, wakafa wengi, na waliobaki wakarejea kwa mkataba wa mwaka 1868. Na miaka mitano tu baadaye, 1873, Timothy O'Sullivan akaja na kamera yake ya sahani za kioo akapiga magofu ya nyumba za kale yaitwayo White House, ukutani mwa korongo. Ile picha uliinunua uliposhuka, nakumbuka. Mwaka 1904 akaja Edward Curtis, akapiga wapanda farasi wa Kinavajo wakienda gizani na kuwaita watu wanaotoweka. Leo waliosajiliwa ni karibu laki 4. Mwongozaji wetu alilisema hilo taratibu, mikono kwenye usukani, na wewe ulikuwa unatikisa kichwa. Nilidhani umeelewa.

Asubuhi ile, kabla hatujaanza, alituambia neno moja: miamba pigeni mtakavyo, watu na nyumba zao ulizeni kwanza. Tukaitikia sote.

Mlango wa hogani, nyumba yao ya asili, huelekea mashariki. Ulishaligundua hilo jana yake, ukaniambia, dada, ukiwahi saa moja asubuhi jua linaingia mlangoni moja kwa moja, hakuna taa ya studio inayoweza kufanya vile. Na kweli, tulipolipita lile bonde la miti ya mtoni, hogani ilikuwa upande wa kushoto na jua limejaa mlangoni. Yule bi mkubwa akatoka na ndoo ya maji ya kondoo. Sketi ndefu, kitambaa cha kichwa cha zambarau, soksi nyeupe ndani ya raba. Alituona. Aliweka ndoo chini, akanyanyua kiganja, hivi, kama mtu anayezuia jua, akageuza uso upande wa ukuta. Na wewe ulishabadilisha lenzi. Ile ndefu. Niliisikia ikipiga mfululizo, tratratratra, na yeye bado amegeuka, anasubiri tumalize.

Mwongozaji akazima gari. Hakusema kitu. Feni ya rejeta ilikuwa inazunguka, ikazunguka mpaka ikasimama, na yeye anaangalia mbele. Kisha akashuka, akamwendea, wakazungumza kwa lugha yao muda mrefu. Aliporudi akawasha gari na hakutuhadithia tena chochote mpaka tunatoka. Yule aliyekuwa akituonesha michoro ya ukutani, farasi, wale askari wa Kispania, akanyamaza. Na wewe ulikuwa nyuma unatazama kioo cha kamera, unaninong'oneza, tazama, tazama hii.

Hilo ndilo siwezi kulisahau. Si kupiga tu. Kwamba ulinionesha ukitaraji nifurahi.

Wewe! Wewe uliyewahi kukusanya kadi za Bibi! Zile kadi za posta ambazo mtalii alimpiga picha amekaa barazani Mkunazini anachambua mchele, mguu nje ya kanga, jirani akaja kuziona zikining'inia dukani na maandishi ya kukaribisha wageni. Bibi hakutoka ndani mpaka Idi ilipopita. Na mdogo kuliko sote ndiye aliyechukua pesa zake zote za sikukuu akaenda akazinunua kadi zote kwenye kile kizimba, na mwenye duka anacheka. Ulikuja nazo umezificha ndani ya kanzu. Mama alizichoma jikoni na Bibi akakubusu mikono. Sijapata kumpenda mtu kama nilivyokupenda siku ile.

Ndiyo maana usiku ule hotelini Chinle nilipotoa kadi ya kamera na kuzifuta zile picha, sikuona kama ninakuibia. Unawaambia ndugu kuwa niliharibu kazi yako. Nilizifuta zile za yule bi mkubwa tu, moja baada ya moja, na Spider Rock yako ipo, magofu yapo, farasi wa ukutani wapo. Unasema ile ingekuwa picha ya maisha yako. Yawezekana. Ilikuwa nzuri, sikatai, kiganja kile na jua lile nayaona mpaka leo nikifumba macho. Lakini aliinua mkono! Ningekuacha uipeleke mashindanoni, ikatundikwe ukumbini watu wapite na vinywaji? Ningemwambia nini Bibi? Mtu akisema mkubwa hana haki ya kugusa vitu vya mdogo wake, huyo hakulelewa nyumba niliyolelewa mimi.

Ukanilipiza. Harusi ya mwanangu ulikuja, ulipiga siku tatu, na nimeipitia albamu yote. Jirani yumo. Dereva wa basi la maharusi yumo. Mama wa bibi harusi hamna, ila mkono wangu mmoja wenye hina pembeni ya sahani ya biriani. Watu wameniuliza nikasema sikupenda kupigwa. Nimekusitiri.

Basi twende kwenye safari. Nimezungumza kwa simu na ile familia iliyotushusha mara ya kwanza. Wanatukumbuka. Wamesema mpiga picha karibu, kwa masharti yale yale, na kwamba mtu akitaka kupiga watu, aje siku moja kabla, akae, ajulishwe, na akikataliwa asiulize tena. Akikubaliwa, amlipe mwenye sura na amletee nakala iliyochapishwa. Hayo si makubwa kwa mtu anayelipwa na maharusi kila Jumamosi.

Kutoka kwangu Phoenix mpaka Page ni saa nne na nusu, na Chinle kutoka Page ni kama saa tatu, njia ndefu kwa mtu mmoja, vituo vya mafuta vimeachana. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Mpe shangazi tarehe kama kuzungumza nami bado ni kazi, lakini ziwe hazijalipiwa, kwa sababu wiki ya pili ya mwezi nina zamu za usiku hospitali na siwezi kuzibadilisha, na mimi kwenye gari lile nataka kuwemo.

Dada yako