Risala ya kikundi cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo kwa mgeni rasmi, 3 Desemba 2024

Ndugu mgeni rasmi Mkurugenzi wa halmashauri yetu, ndugu mwenyekiti wa mtaa, maafisa ustawi wa jamii, mashehe na wachungaji, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja, wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mimi ndo katibu wa kikundi. Mnivumilie, risala hii nimeiandika usiku kwenye simu huku namgeuza mwanangu, yani kila baada ya masaa mawili lazima ageuzwe la sivyo anatoka vidonda, kwaiyo mkisikia sentensi imekatika mjue hapo niliitwa.

Ndugu mgeni rasmi, kila mwaka siku kama ya leo ya watu wenye ulemavu duniani tunatangaziwa kwenye spika jamani msiwafiche watoto, msiwafungie ndani. Hilo neno linatuuma. Kuna mwenzetu hapa, simtaji, anauza vitumbua stendi. Anatoka saa 10 alfajiri. Mwanae ana miaka 9, hakai, haongei, baba mtu aliondoka mtoto ana miezi 8 baada ya kuambiwa tatizo ni nini, bibi yuko kijijini na yeye mwenyewe miguu inamsumbua, dada wa kazi alikaa siku nne akaona degedege akabeba begi lake. Basi mama anamlaza kwenye godoro chini, mito kila upande, anamwashia redio asione upweke, anafunga kufuli, saa 4 anarudi anakimbia. Jirani akaenda kumsema, mama akaitwa, akafokewa mbele ya watu, akalia. Kesho yake akafunga tena. Sababu katika wote waliomfokea hakuna hata mmoja aliyemuuliza ulitaka umwache wapi?

Ndo tulichokuja nacho leo. Pa kumwacha mtoto.

Wengi mnadhani kazi ni kumbeba tu. Kumlisha mmoja wa hawa ni saa nzima, uji uwe mzito kiasi, umkalishe wima kichwa kimeshikwa, kijiko kidogo, usubiri ameze, ndo upeleke kingine, ukiharakisha unaenda kwenye mapafu. Hapo ni mlo mmoja. Bado dawa ya kifafa asubuhi na jioni, bado mazoezi ya viungo, bado nepi, na mtoto wa miaka 13 sio kama wa miezi 13, kumnyanyua peke yako mgongo unakuambia. Siku za kliniki ndo usiseme, sisi tunaoenda hospitali ya CCBRT kule Msasani, Dar es Salaam, tunajua daladala ngapi zinakupita konda akishaona umebeba mtu mzima mgongoni, unaishia bajaji, na hela ya bajaji ndo ilikuwa ya unga. Alafu hii kazi haina Jumapili. Wengine hapa hawajawahi kuhudhuria msiba wa ndugu yao mpaka mwisho.

Kikundi chetu kilianza 2021, sasa tupo wazazi 23, baba ni watatu tu (tunawapongeza, wasimame muwaone). Mwaka jana mwenyekiti wa mtaa aliyekuwepo akatupa chumba kimoja nyuma ya ofisi, kilikuwa kinakaa mabati. Tukasafisha, tukatandika mikeka, fundi seremala wa hapa mtaani akatutengenezea viti viwili vya kona vya kukalisha wasioweza kukaa, alitutoza mbao tu. Toka hapo kila Jumanne na Alhamisi saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana watoto wanakuja pale, wasizidi wanane, wazazi wanne wako zamu, kila anayeleta anatoa buku ya uji. Tunaita siku ya kupumua. Wataalamu nasikia wanaita huduma ya kuwapumzisha walezi, sawa, ila sisi tunapumua.

Kuna daftari. Kila mtoto ana ukurasa wake, anakunywa dawa gani saa ngapi, analalia upande upi, akilia hivi ana njaa akilia vile tumbo, degedege likipita dakika 5 akimbizwe hospitali, na namba ya mama yake.

Siku ya kwanza kabisa mama mmoja alimleta mwanae, akakabidhi, akatoka nje akakaa chini ya mwembe. Mpaka saa 8. Tukamuuliza we mbona huendi? Akasema sijui niende wapi. Miaka 7 alikuwa hajawahi kuwa mikono mitupu mchana. Wiki iliyofuata alienda shuleni kwa binti yake mkubwa kwenye kikao cha wazazi, mwalimu akamwambia mama mi nilijua huyu anaishi na bibi. Mwingine alienda kupima, kumbe ana presha na hajui toka lini. Mwingine alienda nyumbani akalala tu na hakuna aliyemcheka.

Sitaficha, kuna siku tuliogopa. Msaidizi mmoja mwenye nia njema alimlisha mtoto amelala, akapaliwa akaanza kuwa bluu, mama wa zamu akamgeuza kifudifudi akampiga mgongoni ikatoka. Alipona. Ila toka siku ile tunajua upendo peke yake hautoshi, tunahitaji kufundishwa.

Ndugu mgeni rasmi, hatuombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 28 inasema familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu zisaidiwe na serikali kwenye mafunzo, ushauri, fedha na hiyo huduma ya kumpumzisha mlezi, imetajwa kabisa. Wenzetu Uingereza toka 2011 kuna kanuni inaibana halmashauri itoe hiyo huduma na itangaze wazi mzazi anaipataje, na hata huko nasikia wazazi wanaipigania kwenye foleni. Kwetu kuna ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, nzuri sana, inawaangalia watoto mpaka miaka 8. Wa kwetu akifika 9 bado yuko kwenye nepi, sasa anahamia programu gani?

Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri tunaijua, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, tunashukuru. Ila mkopo unataka mtu aliye huru kufanya biashara. Ukinipa cherehani leo nani anamshika mtoto nikishona?

Kwaiyo tunaomba. Kwanza chumba kile tukipate kwa barua, sababu tulipewa kwa mdomo na aliyetupa hakurudi kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Novemba. Mwenyekiti mpya uko hapa, tumekuona unatikisa kichwa, tunaomba isiwe kwa shingo tu. Pili walezi wawili wenye posho ili siku ziwe tano, na bajeti ya 2025/26 si ndo mnaanza kuiandaa sasa, tupeni hata mstari mmoja. Tatu mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje mara moja kwa mwezi atufundishe kulisha na kunyanyua. Viti mwendo tunashukuru, ila kile cha mwaka jana tulicholetewa ni saizi ya mtu mzima, mtoto wa miaka 6 anazama humo, sikuizi kinabebea ndoo za maji.

Mwisho, samahani kwa hili. Leo ni Jumanne, wenzetu wanne hawapo hapa, wako chumbani na watoto wanane ndo maana sisi tumeweza kuja. Wanafunga saa 8. Tunaomba ratiba isivuke saa 7 na nusu, na pilau yao tuwabebee.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi