Someni Jina Kabla ya GPA: Barua kwa Wajukuu Zangu Mnaomaliza Chuo

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Hongera pia nawapa, ila kwa ufupi, maana nimekasirika.

Juzi mjukuu wangu kaja mbio, simu mkononi. "Babu, matokeo yametoka! 3.9!" Nikavaa miwani nikaitazama picha ambayo alishairusha kwenye kundi la ukoo, kwa marafiki na kwa wasiohusika. Nikamuuliza, "Na huyu ni nani?" Jina la baba yake, mwanangu wa kumzaa, jina nililompa mwenyewe, lilikuwa limedondosha H. Kila muhula, miaka mitatu, lilikuwa pale juu na hakuliona. Jicho linaruka jina, linakimbilia namba ya GPA, huo wastani wa alama.

Nilikaa ofisi ya mitihani ya chuo kimoja miaka 26, nyuma ya dirisha. Kabla ya mahafali tulibandika orodha ya wahitimu ubaoni, juu yake wino mwekundu: HAKIKI JINA LAKO. Walikuja kwa makundi, wakatafuta daraja, wakapigana picha, wakaondoka. Baada ya miaka miwili wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamenywea. Simsahau binti mmoja wa daraja la kwanza. Alifaulu usaili, akaitwa apeleke vyeti halisi. Cha kuzaliwa kinasema hivi, cha sekondari vile, cha chuo kina lake jipya. Akapewa wiki moja. Alisimama dirishani pangu akikunja na kukunjua karatasi ya kiapo cha majina mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Cheti kikishachapwa, kukirekebisha si kufuta na kuandika. Ni barua, ni vikao, ni kusubiri. Nafasi ikaenda kwa mwingine, aliyemzidi kwa herufi tu. Wala sijisafishi: aliyeikosea herufi ile alikuwa mmoja wetu ofisini, pengine mimi. Lakini aliyelia ni yeye.

Basi sikieni. Matokeo mnayoyaona simuni kwa kawaida ni ya muda mpaka Seneti, kile kikao kikuu cha taaluma cha chuo, iyapitishe. Mkiona kosa, lalamikeni mapema. Chukueni transkripti, ile karatasi ya alama za masomo yote, muisome somo kwa somo. Vyuo vingine hupima GPA kwa 5, vingine kwa 4, kwa hiyo, hiyo 3.9 mnayoringia haisemi kitu mpaka mtu asome maelezo ya madaraja yaliyomo humo humo. Cheti halisi msikipige plastiki, maana zipo ofisi zinazotaka kukigonga muhuri. Toeni nakala, halisi ikae nyumbani. Vyuo vingi havitoi cheti cha namna ile mara ya pili.

Na wewe uliyezima simu kwa ajili ya sapu moja, mtihani wa marudio, iwashe. Nimewaona wenye sapu wengi kuliko unavyodhani, wakija dirishani jioni watu wakiwa wameondoka, wananong'ona kama wanaulizia maiti. Mwanangu, huo ni mtihani, una tarehe. Nenda kaiulize tarehe.

Mengine nayataja tu. Waageni walimu wenu kabla hawajasahau sura zenu, maana ndio mtakaowaandika wadhamini. Rudisheni vitabu vya maktaba. Tafuteni barua pepe yenye jina la mtu mzima.

Nasi wakubwa tusijifiche nyuma ya nasaha. Tunadai uzoefu wa miaka mitatu kwa mtoto aliyevua joho jana. Akiutafuta huo uzoefu, tunamtumikisha mwaka mzima bila hata nauli, tunaita kujitolea. Kisha kila harusi na kila msiba tunamkamata mkono mbele za watu: "Siku hizi uko wapi?" Tunajua alipo. Yuko nyumbani, na sisi wenyewe tumekuta kafua mashuka yetu. Ukimpenda, muulize amekula nini, au mpe namba ya mtu unayemjua.

Huyu wangu nilimtoa nyumbani asubuhi na vyeti vyake vyote ndani ya bahasha, kanuna. Amerudi mchana. Jina litarekebishwa, wamempa fomu. Anasema dirishani alikuta watu watatu. Foleni ya kupima majoho ilikuwa imezunguka jengo.

Babu yenu.