Kuhusu simu ya binti yako

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na poleni kwa ule ugomvi wa juzi, wewe na binti yako. Ujumbe wako nimeusoma wote, mpaka ule ulioandika usiku wa manane hasira zikiwa bado juu. Nimeona nikuandikie barua, maana kwa vipande vipande vya WhatsApp hatufiki mbali, na tukianza kutumiana sauti ndefu ndefu watoto watatucheka: hawa ndio wanaotupangia sisi muda!

Uliuliza watoto wakae na simu saa ngapi kwa siku. Kwa yule mdogo jibu lipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja naye bado, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Kuongea na bibi yake kwa video mimi sihesabu humo. Ukitaka kumwekea katuni ili uoge kwa amani, mwekee na wala usijilaumu. Ila zima ile hali ya video kujiendeleza yenyewe. Mtoto wa miaka mitatu atajuaje kuwa katuni imeisha ikiwa nyingine imeshaanza? Mwisho wake wewe ndiye unayeonekana katili uliyemkatizia raha. Na kama anatumia YouTube Kids, ingia upande wa mzazi uchague mwenyewe chaneli na video anazoruhusiwa. Ukishafanya hivyo, hata kutafuta hatafuti tena, anaona ulizochagua tu.

Kazi ipo kwa mkubwa. Madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa na kikomo chao cha saa 2, lakini mwaka 2016 wakakiacha, wakashauri kila familia ijipangie utaratibu wake. Nakubaliana nao. Saa nzima ya kutengeneza video na binamu zake si sawa na saa nzima ya kusukuma kidole juu peke yake chumbani. Mimi huangalia simu imesukuma nini pembeni: analala vya kutosha? Kazi za shule anamaliza? Bado anatoka kucheza, bado anapiga soga na watu wa nyumbani? Kama hayo yote yapo, sihesabu dakika.

Kitu kimoja tu usikubali mjadala: simu isilale chumbani kwake. Zote zichajiwe sebuleni, na yako ikiwemo, la sivyo huna hoja. Atakwambia anaitumia kuamkia asubuhi. Mnunulie saa ya kengele, mambo yaishe.

Sasa huo ugomvi wenyewe. Unasema ulimwambia azime mchezo hapo hapo, akakujibu "haiwezekani", ukaona ni jeuri. Huenda alikuwa anasema kweli. Michezo mingi wanayocheza na wenzao mtandaoni haisimamishwi. Ukitoka katikati, timu yako inapungukiwa mtu, na mingine inakuadhibu kwa kukufungia nje kwa muda. Kwa hiyo sisi kwetu tuliacha kuhesabu saa, tukahesabu mechi. Naingia kabla muda haujaisha, nauliza hii imebaki kiasi gani, namwambia ikiisha ndiyo basi. Kijana wangu anajua kunijaribu, "mama, ile haikuwa mechi kamili", lakini vita vya kila jioni vimekwisha. Na mara nyingi ile ya mwisho nakaa naye kuitazama. Sielewi nusu ya kinachoendelea, ila hapo ndipo ninapoona majina ya wanaocheza naye na kusoma wanachoandikiana pembeni. Kuna siku aliniita mwenyewe: mtu asiyemjua alimwahidi sarafu za bure za mchezo, eti ampe tu nenosiri lake. Tukausoma ujumbe wake pamoja, tukamripoti, tukamzuia. Aliendelea kucheza kama kawaida, na hilo nililifanya kwa makusudi. Nitakueleza sababu.

Kwanza nimalize habari ya mipangilio, maana hii haihitaji maneno mengi. Simu yake ikiwa ya Android, weka Family Link, programu ya Google ya wazazi. Ikiwa iPhone, tumia Screen Time iliyomo humo humo. Zote zinakuwezesha kupanga saa ya simu kujifunga usiku, kuidhinisha programu kabla hajaipakua, na kuzuia manunuzi. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, anaujua. Na mwambie kwamba umeweka. Kumpeleleza kimyakimya sikushauri hata kidogo; siku atakayogundua, atajifunza kujificha vizuri zaidi, na kwenye simu yeye ni fundi kuliko wewe.

Halafu hili la kumfungulia akaunti ya mtandao wa kijamii kwa umri wa uongo. Najua wenzake wote wanayo, na najua alivyokubembeleza. Tafadhali usifanye. Ule umri wa miaka 13 unaouona kwenye mitandao mingi haukupangwa na wataalamu wa malezi. Unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia makampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila ridhaa ya mzazi. Kwa hiyo hata akifika 13 haina maana kwamba ameiva. Australia wameona hautoshi, tangu Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii hairuhusiwi kumpa akaunti mtoto aliye chini ya miaka 16. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Ukiandika kwamba ana miaka 18, mtandao unamhesabu mtu mzima, na kinga zote za watoto zinamruka. Instagram, kwa mfano, tangu mwaka 2024 inaifanya akaunti ya kijana kuwa ya faragha tangu mwanzo, inabana wanaoweza kumwandikia, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza hayo bila mzazi. Mwenye umri wa uongo anaweza kuyakosa yote.

Sasa linaloninyima mimi usingizi, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Sina hofu sana na picha chafu atakazokutana nazo kwa bahati mbaya, ingawa atakutana nazo. Ninachohofia ni mtu mwenye subira. Huwa anaanza ndani ya mchezo au chini ya video, kwa sifa: unacheza vizuri, umependeza. Anajifanya rika lake. Baada ya siku chache anamwambia wahamie programu nyingine "tuongee vizuri", na hapo ndipo mzazi anapopotea njia. Halafu inakuja siri ndogo isiyo na madhara, "usimwambie mama". Halafu ombi la picha. Picha ikishatumwa sauti inabadilika: tuma nyingine, au tuma pesa, la sivyo naisambaza kwa marafiki zako wote, na majina yao anayo tayari kwa sababu orodha ya marafiki ilikuwa wazi. Usidhani ni wasichana tu. Wavulana wananaswa sana na huu wa pesa, anayewaandikia akijifanya msichana.

Binti yako umfundishe ile njia yenyewe hatua kwa hatua, kama nilivyokuandikia. Kumwambia "usiongee na usiowajua" hakumsaidii, maana baada ya wiki mbili za kuchati huyo kwake si asiyejulikana tena. Mwambie dalili ni mbili: anayetaka mhame mlipo, na anayetaka uwe na siri na yeye.

Na ndipo narudi kwa nini sikumnyang'anya kijana wangu mchezo siku ile. Yule mtu anategemea kitu kimoja, kwamba mtoto anamwogopa mama kuliko anavyomwogopa yeye. Mtoto anajua akisema, simu inachukuliwa na matusi yanafuata, kwa hiyo ananyamaza, anaendelea kulipa au kutuma. Mwambie binti yako leo, kabla hakujatokea lolote, tena kwa maneno ya wazi: ukija kwangu na tatizo la mtandaoni, hata kama ulifanya nililokukataza, simu sikunyang'anyi na sipigi kelele. Halafu uitimize, maana atakujaribu kwanza kwa kijambo kidogo aone uso wako. Shoga, nakujua wewe. Uso wako hutangulia maneno. Jizoeze.

Ikitokea, msilipe na msitume kingine chochote, kwa sababu anayelipwa hudai tena. Msifute mazungumzo. Pigeni picha za skrini zenye jina la akaunti yake na namba kama ipo, ripotini ndani ya programu, ndipo mumzuie, na mwende polisi na huo ushahidi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Haihitaji jina lako. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yenu. Kinachotumwa ni alama yake tu, mfululizo wa herufi na tarakimu, ambao mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, inautumia kuitambua picha hiyo na kuiondoa. Kwa mitandao ambayo haijajiunga, au kwenye mazungumzo yaliyofungwa ya faragha, haifanyi kazi, lakini inapunguza mengi.

La picha linakuhusu na wewe kidogo, usininunie. Ile uliyoposti siku ya kufungua shule ilikuwa nzuri mno, ila sare ilionyesha jina la shule, na chini ukaandika jina lake kamili na darasa analosoma. Iondoe, au ibakize kwa ndugu tu. Na tangu sasa muulize mwenyewe kabla ya kumposti. Akikataa, usiposti, hivyo ndivyo atakavyojua kuwa na yeye anaweza kumkatalia mtu picha yake.

Umeniambia unataka kumpa simu yako ya zamani. Si vibaya, lakini usimpe kama ilivyo. Hiyo simu ina barua pepe yako, nywila ulizohifadhi, pengine na kadi ya benki, na kwa mitandao yote yeye atakuwa ni wewe, mwanamke mzima wa umri wako. Hamisha picha zako, toka kwenye akaunti zote, ifute irudi kama ilivyotoka kiwandani, ndipo umfungulie akaunti yake ya mtoto kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Fanyeni pamoja, yeye akibonyeza. Ukikwama kwenye Family Link nipigie jioni watoto wakishalala, huwa inagoma pale inapotaka uthibitishe kuwa wewe ni mzazi, na mimi hapo nimeshapita.

Wasalimie wote, na yule mdogo umbusu.

Ni mimi, shoga yako