Nijiendeleze, lakini nibaki darasa la kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, sisi watumishi wa umma hujaza malengo yetu ya kazi katika mfumo wa PEPMIS. Walimu wenzangu wanajua mambo yanavyokwenda: mmoja mwenye bando anajaza, wengine wanamwomba "nirushie na mimi", na wiki haijaisha shule nzima ina malengo yanayofanana mpaka nukta. Safari hii niliandika yangu mwenyewe. Niliandika kwamba nataka kuwa mwalimu bora zaidi wa darasa la kwanza. Kijana mmoja tunayefundisha naye alisoma, akacheka. "Madamu, hilo nalo ni lengo? Digrii unaenda kusoma lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Kwetu mwalimu anayejiendeleza ni yule aliyeomba ruhusa ya masomo, akasoma stashahada, kisha shahada, akabadilishiwa muundo wa utumishi, akahamia sekondari au ofisini. Simlaumu anayepita njia hiyo. Mshahara wa mwenye cheti naujua, na bei ya unga naijua. Ila tazama nani anabaki huku chini. Mwalimu aliyekuwa hodari kuliko sisi sote katika kufundisha kusoma sasa anafundisha Historia kidato cha tatu. Nafasi yake alipewa mtu aliyekuwa anahesabu miezi ya kustaafu, kwa hoja kwamba darasa la kwanza ni kazi nyepesi. Nyepesi! Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi, tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, sijawahi kuita majina yasiyofika mia.

Tena si mia wale wale. Shule yetu iko kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kayenze hapa Mwanza, na wazazi wengi wanaishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inalala na watu wanashona nyavu. Kambi ya wavuvi ikihamia visiwa vya Kome au Maisome, familia inahama nayo. Mtoto anaondoka kwangu tukiwa kwenye "m", anaingia shule ambayo imeshafika "nd", halafu Septemba anarudi bila barua ya uhamisho, daftari lake lina mwandiko wa walimu watatu. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo la mtoto anayeanza Januari na kumaliza Desemba. Huyu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, hakuwemo kwenye andalio la somo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka kulimudu ni kumpima mtoto mgeni kwa dakika chache, wakati wenzake wanapanga visoda vya kuhesabia: sauti zipi anazijua, silabi zipi anaziunganisha, wapi amekwama. Nimekata kadi za herufi kwenye maboksi ya biskuti. Zinafanya kazi, ila bado nakisia mno. Nahitaji mtu anayelijua jambo hili akae kando yangu, anione nikilifanya.

La pili litawashangaza baadhi ya wasomaji. Nataka kujifunza Kisukuma vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na baada ya miaka yote hii Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu ya "mwangaluka" na bei ya sato. Sisemi tufundishe kwa Kisukuma. Watoto wangu wengine ni Wajita na Wakerewe. Nasema nijue mtoto anasikia nini ninapofungua mdomo. Kiswahili kina irabu tano, Kisukuma kina saba. Moja ya zile za ziada imekaa kati ya "i" na "e", nyingine kati ya "u" na "o". Mtoto anayeandika "e" mahali pa "i" si mzembe wala si mzito. Sikio lake limezoea kugawa sauti kwa namna nyingine, tena kwa undani kuliko langu. Tangu nilijue hilo, sisahihishi tu kwa kalamu nyekundu. Nina jozi zangu za maneno tunazozitamka na kuzisikiliza kabla ya kuandika: lia na lea, chuma na choma, ua na oa. Hiyo ya mwisho huleta kicheko hata kwa watoto wa miaka sita. Hakuna semina iliyonipa jozi hizo, na nina hakika yuko mwalimu Misungwi au Magu mwenye nzuri kuliko hizi.

Kiingereza nacho kinanisubiri, kwa kuwa mtaala mpya umekishusha mpaka madarasa haya ya chini. Hapo nahitaji mazoezi ya kuongea, basi. Sarufi ninayo.

Sasa niseme kuhusu semina. Iliyonifaa kuliko zote haikuwa ya ualimu, ilikuwa ya dawa za kichocho. Watoto wa ziwani wanaogelea, wanachota maji, wanaosha vyombo, kichocho hakiwaachi. Dawa hutolewa shuleni, na sisi walimu ndio tunaosimamia. Mhudumu wa afya alikuja na fimbo yenye alama. Mtoto anavua viatu, anasimama wima, visigino chini. Alama inayogusa utosi ndiyo inayokwambia idadi ya vidonge, huna haja ya mizani. Na lazima awe amekula kwanza. Hakutusomea chochote ukutani. Kila mwalimu alipima mtoto, akarekebishwa, akapima mwingine. Kabla ya jua kutua nilikuwa najua kazi ambayo asubuhi sikuijua.

Linganisha na semina zetu za kusoma na kuandika. Ukumbi wa kukodi, bango kitita, makundi manne, kila kundi lina katibu, mwasilishaji anashukuriwa kwa makofi matatu ya kilo. Siku kadhaa tunajadili namna mtoto anavyojifunza kusoma, na ukumbini hakuna mtoto hata mmoja.

Ndiyo maana nautetea mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Umesema jambo la maana: walimu wajifunze shuleni kwao, katika jumuiya za kujifunza. Tatizo ni saa. Jumuiya ikikutana jioni, mwenye duka anawaza duka, mwenye kichanga anawaza kunyonyesha, moduli inasomwa kwa sauti, watu wanasaini mahudhurio na kuondoka. Mimi na mwenzangu wa darasa la pili tumejaribu njia nyingine. Nikifundisha, yeye anakaa nyuma na kuandika jambo moja tu: majina ya watoto waliofungua midomo. Akifundisha yeye, nami naandika. Siku nyingine tunarekodi sauti kwa kile kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022, tunasikiliza tukichambua maharage. Walimu wa shule za msingi Japani wanafanya jambo la namna hii kwa zaidi ya karne moja: wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanawatazama watoto. Hawamtazami mwalimu, wanawatazama watoto. Baadaye wanakaa na kulirekebisha somo.

Wala kujifunza ukiwa kazini si jambo geni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko katani huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea. Mitaani wakadhihakiwa, UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ikaitwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alikuwa mmoja wao. Mzee yule, akiwa amebakiza mwaka mmoja tu kazini, alikuwa bado anakaa dawati la nyuma darasani kwangu na daftari lake, halafu ananiuliza: "Yule binti wa dirishani, umemsikia leo?" Wako wenye shahada ambao hawajawahi kuniuliza swali la kunisaidia kama hilo.

Wanaohusika na kupandisha madaraja naomba wanisikie. Wekeni ngazi ya mwalimu mahiri wa madarasa ya chini, anayepanda daraja akiwa darasani, kwa ushahidi wa watoto wanaosoma. Aje mtu amfungulie mtoto yeyote ukurasa asioujua, amsikilize. Jumuiya ya kujifunza iingizwe kwenye saa za kazi. Darasa la kwanza hutoka mapema, nafasi ipo. Na fedha ya ukumbi mmoja ingetosha nauli za walimu wengi kutembeleana ndani ya kata.

Lakini lipo moja lisilohitaji kibali cha mtu. Wenzangu wa Kome, Maisome na Ukara, mnaopokea watoto wetu kambi zinapohama na kuturudishia zikigeuka: tukubaliane kadi moja ndogo ambayo mtoto ataondoka nayo mfukoni, upande mmoja sauti anazozijua, upande wa pili zile alizokwama. Mimi nimeanza, hata kama kwa sasa bado ni boksi la biskuti. Kama nanyi mna ya kwenu, andikeni kupitia safu hii jinsi mlivyoipanga, nami nitabadilisha yangu ifanane nayo.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Kayenze, Mwanza