Kwa nini tunarudi kwenu: harambee ya pili ya figo ya mama yetu

Wapendwa wanajumuiya,

Mmeuliza, na mna haki ya kuuliza: tulichanga, mume akajitolea figo, mbona mama yetu wa kwaya hajafanyiwa upasuaji?

Makundi ya damu yao yalipatana. Kikabaki kipimo cha mwisho: chembe nyeupe za damu ya baba zilichanganywa na majimaji ya damu ya mama, zikafa. Maana yake mama ana kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni, dhidi ya chembe za mumewe. Kijana wao mkubwa akajitokeza, majibu yakawa yale yale. Hapo maneno yakaanza, eti watoto wamemkataa mama yao. Tunaomba maneno hayo yakome leo.

Chembe za mwili wa mtoto hubeba alama za urithi, nusu za baba, nusu za mama. Mama huyu amebeba mimba nne, na kila mimba ilimkutanisha na alama za mumewe. Mwili ukaziona ngeni, ukaunda kingamwili, na haukusahau. Uzazi wa mwisho alivuja damu sana, akaongezewa damu ya watu asiowajua, kingamwili zikazidi. Leo, katika kila wachangiaji figo 100, zaidi ya 90 mwili wake hauwapokei. Kuwazaa wanawe ndiko kulikomfungia mlango wa figo zao. Aliposikia hayo alilia, nasi tuliokuwa naye tukalia.

Wapo walioshauri apandikizwe tu, tumwachie Mungu. Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa vipimo. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha kwamba kati ya figo 30 zilizopandikizwa ilhali kipimo hiki kimekataa, 24 zilikufa papo hapo. Pale kilipokubali, zilikufa 8 kati ya 195. Hatuwezi kumtoa baba figo ikaozee mezani.

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kubadilishana: baba ampe figo mgonjwa mwingine, na ndugu wa mgonjwa yule ampe mama yetu. Hii ndiyo tunayoitamani, ila kwa mwenye kingamwili nyingi kumpata anayelingana huchukua muda. Ya pili ni kuzichuja kingamwili kwa mashine na kumpa dawa za kutuliza kinga kabla ya upasuaji. Ni ghali, na kingamwili zinaweza kurudi zikaishambulia figo mpya, kwa hiyo atahitaji kupimwa mara kwa mara hata akishapona kidonda. Hatuwafichi hilo.

Michango ya kwanza imelipia vipimo na kusafisha damu. Hesabu zote ziko kwa mweka hazina, njooni mzisome. Sasa tunachangia mambo mawili: vipimo vya kumtafutia wa kubadilishana naye, na sindano za kuusaidia mwili wake utengeneze damu wenyewe. Hizo sindano msizidharau. Akipungukiwa akaongezewa damu tena, kingamwili zinaweza kupanda na ule mlango mwembamba uliobaki ukafungwa.

Toeni mchango kwa mweka hazina baada ya ibada, mpewe stakabadhi. Asiye na fedha aandike jina kwenye daftari la zamu: mama husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na mumewe hawezi kuacha kazi siku zote hizo. Zamu za wiki ijayo bado hazina mtu.